Neno Ambalo Nahodha Hakuambiwa

Ukumbi wa maonyesho kule ghuba ya Tokyo, mwezi wa nane, ulinuka jasho na wino mbichi. Watu walijazana kununua vijitabu ambavyo mashabiki wa katuni huvichora na kuvichapa wenyewe. Chizuru Motomiya, gauni la kitani rangi ya majani makavu, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi, alisukumwa kwa nyuma akaangukia meza ya mtu. Vijitabu vyote chini.

"Samahani! Samahani sana!"

"Dada, umeangusha kikosi kizima cha anga," alisema mwenye meza, akicheka. Alivaa sare ya rubani aliyojishonea mwenyewe, bega moja limepanda kuliko lingine. Huyo ndiye Eiji Kuramochi, fundi miwani wa Nakano.

Chizuru akaokota kijitabu kimoja. Juu ya jalada, Nahodha Setsu na rubani wake Haruomi wameshikana mikono, nyuma yao nyota.

"Hawa hawakushikana mikono hata siku moja," alisema. "Katuni inaanza rubani keshakufa, na nahodha anasema hakuwahi kuambiwa kwamba anapendwa."

"Nahodha anadanganya! Miaka yote tunasema anadanganya. Sasa wanatengeneza mfululizo wa yale yaliyotokea kabla, tutajionea. Rubani asipomtamkia, naenda kulala mlangoni kwao."

"Na mvua ikinyesha?"

"Nalowa. Kwa ajili ya Haruomi nalowa."

Chizuru alicheka mpaka kofia ikamtoka. Eiji akamtazama, akasahau kuuza.

Asichokijua ni kwamba mfululizo huo alikuwa akiuandika huyo huyo dada, kwa jina la kubuni, na mkataba ulikuwa umemfunga mdomo. Alikwenda pale kusikiliza watu. Alipoulizwa kazi yake alijibu kwamba anaandika matangazo ya mashine za kufulia.

Wakaanza kula pamoja Jumapili, na simu kila jioni. Lakini kwa desturi ya kwao kula pamoja si uchumba. Lazima mmoja asimame mbele ya mwenzake aseme wazi: nakupenda, naomba tuwe pamoja. Kabla ya hapo ninyi ni watu mnaokula tu.

"Leo umeuza mashine gani?" Eiji aliuliza kwenye simu.

"Inayofua huku inalalamika. Nimeipa jina lako."

"Bibi Motomiya, ukicheka hivyo miwani yangu inaingia ukungu."

"Una jambo unataka kuniambia, Bwana Kuramochi?"

Eiji akakohoa. "Kesho mvua. Usisahau mwavuli."

Majira ya baridi yalipofika, studio ikaita mashabiki, ikampandisha mwandishi jukwaani. Chizuru akatoka na suti nyeusi, nywele kazibana, akainama. Eiji alikuwa mstari wa mbele na ile sare yake. Mtu akauliza: rubani atamtamkia nahodha?

"Hapana," alisema Chizuru.

Ukumbi ukazomea. Eiji hakuzomea. Alikuwa anamtazama tu kama mtu aliyefungua mlango wa nyumbani kwake akakuta samani za watu wengine.

Baadaye Eiji alimkuta Chizuru nje, upande wa magari.

"Mashine za kufulia?"

"Mkataba, Bwana Kuramochi."

"Umekaa mezani kwangu unaniuliza tunataka nini. Ukajua. Halafu ukatunyima."

"Nilitaka kujua kwa nini mnamlazimisha. Mtu anaweza kupenda, akafa na neno lake moyoni."

"Anaweza! Ndiyo maana tunaangalia katuni!"

"Na wewe? Una jambo unataka kuniambia?"

Midomo yake ilifunguka. "Nina hasira," alisema, akaenda zake.

Baada ya hapo matusi yakaanza mitandaoni, usiku na mchana. Bwana Isogai, mkuu wa studio, alikuja akainama mpaka upara ukaonekana wote.

"Mwalimu," alisema, kama waandishi wanavyoitwa kwao, "nakuomba. Wadhamini wanatetemeka. Sentensi moja tu, rubani amtamkie. Tutawaita waigizaji warudie sauti."

Alikataa. Isogai akarudi, akainama zaidi. Alikataa tena. Kila Chizuru alipompigia Eiji simu Nakano, haikupokelewa. Asubuhi moja akakaa akaiandika sentensi ile, akaituma bila kuisoma mara ya pili.

Sehemu ya mwisho ilirushwa Jumapili alasiri. Mashabiki nchi nzima wakashangilia. Simu yake ikalia.

"Nimeona," alisema Eiji.

"Mmefurahi?"

"Wenzangu wanalia kwa furaha humo dukani. Mimi nimetoka nje." Akavuta pumzi. "Alipotamka tu, nikaona wameweka mtu mwingine kwenye kiti chake. Haruomi wangu asingeweza kusema vile. Kwa nini ulikubali?"

"Kwani si ninyi mlioomba?"

"Tuliomba, ndiyo. Sisi kazi yetu kuomba. Wewe ulitakiwa utukatalie."

"Niliwakatalia, Bwana Kuramochi. Ukaondoka."

Kengele ya kivuko cha reli ilisikika upande wa Eiji. Chizuru anaishi kwa kuwatilia watu maneno mdomoni. Maneno aliyokuwa akiyatafuta huyu bwana aliyajua, machache tu, na angeweza kumnong'oneza. Hakumnong'oneza. Mwezi huo alikwisha kumfanyia rubani hivyo mara moja, akaona kilichotoka.

"Chizuru," alisema Eiji. Alikuwa hajamwita hivyo kabla. "Chizuru, mimi..."

Treni ikapita. Ikamaliza kupita. Bado alikuwa anapumua tu.

"Umekula?"

Chizuru akakaa sakafuni pale pale alipokuwa amesimama. Machozi yanatoka, kicheko kinatoka, hakuweza kuzuia hata kimoja.

"Bado."

"Nina tambi jikoni kwangu nyumbani. Sijui nilikuwa nafikiria nini, nimepika za watu wawili."

"Usizidishe chumvi basi," alisema, huku mkono mmoja unatafuta viatu.