Bado Mmoja

Digrii ya Ketrina ilikuwa imelala kwenye bahasha juu ya kabati, na yeye amelala chini kwenye godoro, nyuzi za uzazi zinamvuta, kanga imefunuliwa. Kila aliyepiga hodi alianza na tumbo lake. "Mbona bado kubwa hivyo, mzazi?" Majirani wa Tunduma bwana! Mtoto wanamwita baraka. Mama yake ni kifungashio tu. Nobody anauliza kama amepata usingizi.

Nafuu yake ilikuwa kukandwa. Kila asubuhi shangazi yake, Marita, alivuka mpaka kutoka Nakonde, upande wa Zambia, akachemsha maji na majani ya mpera, akamfunika shuka mpaka usoni asipigwe na upepo, akamkanda kwa kitaulo cha moto. Kisha akamfunga kitambaa kirefu cheupe ili tumbo lirudi.

"Vumilia, mayo, mama wewe," alikuwa akimbembeleza. "Utarudishiwa mwili wako."

Ketrina aliutaka huo mwili tu. Kazi ya kusomea alishachoka kuiomba.

Ila tumboni kitu kilikuwa bado kinacheza.

"Gesi hiyo," alisema mumewe, Osward, macho kwenye simu.

"Gesi haina visigino, Osward."

"Haya, msomi."

Asubuhi moja jua lilishachoma, malori yanapiga honi kuelekea mpakani kama kawaida. Osward alishatoka. Mtoto alikuwa usingizini. Ketrina alijifunika shuka mwenyewe akasubiri. Akasikia mlango. Akasikia maji yakimiminwa kwenye beseni. Mikono ikaanza kazi. Mizito kuliko ya jana.

Ikasimama chini ya kitovu.

"Bado mmoja," sauti ilinong'ona.

Ketrina akacheka. "Shangazi, acha utani. Ultrasound ilionyesha mmoja."

"Huyu alijificha."

Mikono ikabonyeza. Ndani, kitu kikabonyeza pia.

Hapo hapo, nje, mtu alikuwa anamgombeza bodaboda. "Umenipitisha kwenye matope yote hayo kama gunia, mukwai, bwana wee! Ketrina! Nisamehe mwanangu, malori yamefunga njia, ndiyo kwanza nafika!"

Ilikuwa sauti ya Marita.

Mikono haikuondoka.

Alitaka kupiga kelele. Shuka likamjaa mdomoni. Alitaka kuvuta shuka. Vidole vikagoma. Kitambaa kikapita mgongoni. Kikazunguka. Kikakaza. Fundo likapigwa.

"Mtunze."

Marita aliingia, hakukuta mtu. Alikuta beseni linafuka mvuke, na jiko baridi, halijawashwa tangu jana.

Fundo lilikataa kufunguka. Akalikata kwa kisu. Hospitali wakapima, wakasema kizazi kimesafika, dada nenda kapumzike. Osward akasema, "Si nilikwambia?" Ketrina, mwenye ulimi unaochanja kama wembe, aliwaeleza yote, wasimwamini. Kiswahili kiligoma. English nayo ikagoma.

Marita hakubishana na mtu. Alikifua kile kitambaa. Madoa ya maziwa yakatoka. Doa moja halikutoka, upande uliogusa tumbo: unyayo mdogo, vidole vyote vitano. Akamleta mtoto, akaweka mguu wake juu ya doa. Wa mtoto ulikuwa mkubwa kidogo.

Wakakifungia sandukuni.

Siku ya ubatizo, wageni wakiwa uani wanakula, Ketrina alimshika Marita mkono. "Kifungue kile kitambaa."

Mtoto alishanenepa, mguu umejaa. Marita aliupima tena juu ya doa.

Sasa wa mtoto ndio ulikuwa mdogo.