Mia Mbili Tisini na Tisa

Saa mbili kasoro dakika ishirini, Jumamosi ya pili ya Januari, silinda hedi mbili, vichwa vya injini, kimoja cha kila upande, zilikuwa juu ya meza katika soko la vipuri la viwanja vya maonyesho, Indianapolis, na mikono minne ilikuwa imezishika.

Miwili ilikuwa ya Corinne Hostetler, aliyevaa koti la turubai la marehemu baba yake na kofia nyekundu ya sufu. Mingine ilikuwa ya mwanamume mrefu mwenye vumbi la chuma kwenye nyusi.

"Niachie, kaka."

"Nilizishika kwanza, bibie."

"Umeshika moja. Gari lako lina upande mmoja?"

Mwanamume akacheka. "Za kufanyia nini?"

"Za kuoteshea maua. Nakimbiza gari, Nova ya mwaka sabini na moja, robo maili. Nataka kushuka chini ya sekunde kumi."

"Hizi hazikufikishi zilivyo. Njia zake za hewa ni finyu. Lazima zichongwe."

"Najua. Natafuta karakana."

Akaondoa mikono. "Thad Burkett. Nachonga hedi upande wa kusini wa mji."

"Aa, kumbe umeniachia ili nikupe kazi!"

"Nimekuachia kwa sababu umenikazia macho mpaka naogopa. Kazi mpe umtakaye."

Hedi za namna ile hazikuwa zikitengenezwa tena. Fundi akichonga kupita kiasi na kutoboa mpaka kwenye njia ya maji, zinabaki chuma chakavu. Ndiyo maana Corinne hakutaka kukosea, na alikuwa na sababu nyingine kubwa zaidi. Baba yao aliwaachia gari hilo wao wawili, yeye na kaka yake Lyle. Jumapili ile, mezani, Lyle aliweka uma chini.

"Tupeleke kwenye karakana kubwa ya magharibi. Hedi zao zinasoma mia tatu na arobaini. Mji mzima unajua."

"Nitachagua mimi. Mimi ndiye ninayeendesha."

"Haya, chagua. Ila gari lisiposhuka chini ya kumi siku ya ufunguzi wa msimu wa mbio, usukani ni wangu. Na usinichagulie fundi kwa uzuri wa macho yake, dada. Watu walikuona sokoni."

"Waliona macho yangu au yake?"

"Corinne."

"Nimekubali. Nipe viazi."

Namba aliyoitaja Lyle hutoka kwenye benchi ya upepo: sanduku linalovuta hewa kupitia hedi na kuonyesha ni kiasi gani kimepita. Katika mji ule karakana husifiwa kwa namba yake kama jogoo kwa sauti. Corinne alikagua vipimo katika maabara ya kiwanda. Kazi yake ilikuwa kuthibitisha kwamba kipimo kinachosema kumi, ni kumi kweli. Hakusifu sauti ya jogoo yeyote.

Alipiga simu kwa Thad kuuliza habari za valvu. Mazungumzo yakaishia kwenye mapishi ya mama yake Thad. Kesho yake Thad alipiga kuuliza kama theluji imefunga barabara ya kwake, ingawa waliishi mji mmoja. Kufikia katikati ya Februari walikuwa wakila pamoja kila Ijumaa mkate wa nyama ya nguruwe iliyokaangwa, nyama pana kuliko sahani, huku Corinne akiwa na gauni la kijani chini ya koti lile lile la turubai.

"Siku moja utalivua hilo koti," Thad alisema.

"Siku moja utaosha nyusi."

"Corinne, nakupenda."

Akaacha kutafuna. "Bado sijakupa kazi."

"Sijaomba kazi. Nimesema nakupenda."

"Nimesikia. Nami nakupenda. Lakini hedi ni jambo jingine."

"Mwanamke gani wewe!"

"Anayetaka kubaki na usukani wake."

Kiwandani Corinne alichonga sahani ya chuma yenye tundu moja. Kwa ukubwa wa tundu lile, benchi yoyote iliyo sawa ilipaswa kusoma mia mbili. Aliipeleka kwanza kwenye karakana kubwa ya magharibi. Mwenyewe, mzee nadhifu mwenye tai, aliigeuzageuza kama sarafu ya kigeni.

"Binti, benchi yangu haipimwi na wateja."

"Ni dakika tano, mzee."

"Hata moja. Mia tatu na arobaini ndiyo namba yetu. Ukiitaka, lete hedi zako."

Akaenda kwa Thad. Ukutani palikuwa na ubao mweusi wenye chaki nene: 318, hedi yake bora. Thad aliitazama sahani, kisha akamtazama yeye.

"Unanipima?"

"Napima benchi."

"Hii ni yako au ni ya Lyle?"

"Nimeichonga kwa mikono yangu."

Thad akaifunga sahani na kuwasha mota. Sanduku likavuma. Sindano ikapanda, ikapita mia mbili, ikatulia kwenye mia mbili kumi na tatu. Wakarudia. Ikawa ile ile.

"Inasoma juu," Corinne alisema. "Namba zote ulizowapa watu ni za uongo."

"Umeniita mwongo?"

"Nimesema namba. Mara ya mwisho uliikagua lini?"

Thad alizima mota. "Vuli, kabla ya baridi."

"Na wewe unachukua kazi za watu!"

"Sasa nenda kamwambie kaka yako. Si ndilo lililokuleta? Mcheke vizuri."

"Thad, ukirudia neno hilo sitarudi hapa."

"Mlango uko pale."

Alichukua sahani yake, ingali na ubaridi wa chuma, akatoka. Wote wawili walikuwa wamekasirika. Corinne aliamini Thad alijua kasoro ya benchi. Thad aliamini Corinne ametumwa na kaka yake. Wiki tatu simu hazikulia.

Jumapili ya tatu Lyle aliingia chakulani akicheka mpaka kofia ikamdondoka.

"Umesikia habari za mpenzi wako? Amewapigia wateja wote wa msimu wa baridi! Anawaambia namba zao zilikosewa, walete hedi azipime upya bure. Amefuta mia tatu kumi na nane ubaoni. Unajua ameandika nini? Mia mbili tisini na tisa! Fundi gani anajishusha mwenyewe?"

Corinne alisimama.

"Keti, chakula kinapoa."

"Nisaidie kubeba hedi."

"Kwenda wapi?"

"Kwa mia mbili tisini na tisa."

"Umerogwa! Wenzao wana mia tatu na arobaini!"

"Wana midomo. Nilipeleka sahani, wakakataa. Namba ninayoijua naiamini kuliko kubwa isiyokubali kupimwa. Beba, kaka, au nibebe peke yangu."

Lyle alibeba moja.

Thad aliwafungulia mlango. Nyusi zilikuwa safi. Lyle aliweka hedi chini, akarudi kungoja garini.

"Ilikuwa nini?" Corinne aliuliza.

"Njoo uone." Akawasha sigara asiyoivuta na kuisogeza kwenye kona ya sanduku, palipozibwa upya. "Baridi ilifungua kiungo cha mbao hapa. Nilipopitisha sigara hivi, moshi ulivutwa ndani kama uzi. Benchi ilikuwa inahesabu hewa ambayo haikupita kwenye hedi."

"Hukujua."

"Sikujua. Lakini nilipaswa kujua. Uliposema kweli nikakufukuza. Nisamehe."

"Nami nilikuhukumu kabla ya kukuuliza. Nisamehe."

"Corinne, nilikwambia nakupenda wakati benchi yangu imepasuka. Lile halikupitia kwenye benchi."

"Nimekuletea kazi, fundi. Usinilize juu ya hedi zangu, zitashika kutu."

Akacheka, akamkumbatia na koti lake la turubai. "Sitatanua njia zake kupita kiasi ili nipate namba kubwa ubaoni. Zikitoka mia mbili tisini na tano, ni hizo."

"Ndiyo maana nimekuja."

Zilitoka mia mbili tisini na saba. Lyle aliitangaza namba hiyo kwa kila aliyekutana naye, kwa huzuni.

Siku ya ufunguzi, Aprili, jua lilikuwa kali na lami imekauka. Mzee mwenye tai alikuwa amesimama uzioni na wateja wake. Corinne alifunga mkanda, akatazama taa, akakanyaga. Nova ilinyanyua pua na kuondoka ikinguruma. Mwisho wa robo maili ubao ukawaka: 9.96.

Lyle alivua kofia. "Usukani ni wako, dada," akasema, ingawa hakuwepo wa kumsikia ila Thad.

Simu ya Thad ikalia. Alikuwa Corinne, kule mwisho wa njia, ndani ya gari bado.

"Umeona?"

"Nimeona, mpenzi."

"Basi nioe."

"Unaniomba au unaniamuru?"

"Nimekuchagua. Wakitaka kucheka, wacheke."

Lyle alimkanyaga Thad mguu. "Mjibu, bwana!"

"Ndiyo," Thad alisema. "Lini?"

"Ofisi zinafunguliwa lini?"

Jumatatu, saa mbili asubuhi, karani wa kaunti anayetoa vibali vya ndoa alipofungua mlango, wa kwanza kwenye mstari walikuwa mwanamume mrefu na mwanamke mwenye koti la turubai.