Mto Ulioandikwa Kuwa Mkavu

Kila asubuhi Nzisa aliteremka mtoni kule Kola na jembe fupi, kata na mitungi miwili. Mto wenyewe ulikuwa mchanga mtupu. Lakini ukichimba hadi kiunoni, maji safi yalijikusanya taratibu. Shimo lake lilichimbwa na mumewe, Ndunda. Ndunda alizikwa mwezi wa tatu. Tangu hapo Nzisa aliteka maji bila kusema na mtu.

Siku moja habari zilienea. Kampuni ilitaka kujenga kiwanda cha ngozi juu kidogo ya mto. Chifu akaitisha baraza. Watu wakapiga kelele, "Hatutaki!" kisha wakaondoka kwa hasira. Nzisa akaondoka nao.

Shemeji yake, Kilonzo, alimcheka.

"Mimi niko na watoto watatu wanatafuta kazi, na nyinyi mnakataa kiwanda. Tutakula mchanga?"

"Uchafu wa ngozi ukishuka hapa, shemeji, utakunywa nini?"

Kilonzo akageuka kuutazama mto. Yeye pia alikunywa maji ya mto ule.

Kesho yake Carol, afisa wa afya wa wadi, alimkuta Nzisa mtoni. Mkononi alikuwa na nakala ya ripoti ya kiwanda. Ripoti hiyo iliwekwa kwa chifu ili wananchi waisome.

"Mwaitu," alimwita kwa heshima, kama mama yake, "mlisema nini barazani?"

"Tulikataa."

"Kwa sababu gani?"

"Si kila mtu anajua?"

Carol akafungua ukurasa wenye jedwali. "Wanaotoa leseni ya mazingira hawaishi Kola. Wanalinganisha mahali pawili: hapa, na upande wa pili wa kilima. Kila jambo linapewa alama: maji, hewa, kazi, barabara. Halafu wanapima jumla. Soma hapa kwenye maji."

Nzisa akasoma polepole: *Mto mkavu. Hakuna watumiaji.*

Akaketi mchangani. "Hakuna? Na sisi?"

"Walioandika ripoti walikuja kiangazi, wakaona mchanga. Hakuna aliyewaambia. Kelele hazipewi alama, mwaitu. Ukweli ulioandikwa ndio unapewa. Zimebaki siku kumi na moja za kupeleka maoni."

Ikabidi Nzisa aseme na watu. Alipita nyumba kwa nyumba. Kilonzo alikuja na kamba ya kupimia mashimo.

"Lakini mimi bado nataka kazi," alisema.

"Basi andika hilo pia," Carol akamjibu. "Hata kazi ina alama yake."

Walihesabu mashimo kumi na manne. Waliandika kina cha kila shimo, aliyelichimba na wanaolitumia. Walipofika kwenye shimo lake, Nzisa akatamka, "Ndunda." Hakuwa amelitaja jina hilo tangu mazishi. Carol akaliandika.

Yote yakaandikwa katika barua, ikapelekwa ofisi ya mazingira Machakos. Nakala yao ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Baada ya wiki tatu maafisa wakaja, wakachimba, wakaona maji kwa macho yao.

Uamuzi ulitoka baadaye. Kiwanda kilikubaliwa, ila upande wa pili wa kilima, mbali na mto. Maji machafu yasafishwe kwanza, na yapimwe kila miezi mitatu. Kampuni ikikiuka, leseni itafutwa. Kilonzo alipeleka barua za watoto wake za kuomba kazi wiki hiyo hiyo.

Karatasi ya uamuzi ilibandikwa kwa chifu. Nzisa aliisoma akiwa amesimama, kidole kikifuata maneno: *Mto huu una maji chini ya mchanga. Kaya thelathini na moja huyatumia.*

Akarudia kusoma. Kisha akawageukia waliosimama nyuma yake.

"Njooni msome," alisema. "Tumo."