Zahanati Iliyouawa kwa Muhtasari

Zahanati ya kijiji cha Mwajilala, mwendo wa saa mbili kwa bodaboda kutoka Kahama, iliuawa Jumatatu saa mbili na robo asubuhi, kabla haijaezekwa. Marehemu aliacha kuta nne zilizofika kwenye lenta, juu ya madirisha, za matofali yaliyofyatuliwa na wananchi wenyewe.

Taarifa ya kifo ilitolewa na mhandisi wa halmashauri, Theonest, aliyefika na lori la saruji na mabati.

"Vifaa hivi ni vya ofisi ya mtendaji," alisema. "Muhtasari wa mkutano wenu unasema zahanati isubiri. Madaraka yako kwenu siku hizi. Sisi tunatii tu."

Generosa, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, aliyekuwepo mkutanoni na hakusikia uamuzi huo, aliuomba muhtasari, akapewa pamoja na orodha ya mahudhurio. Binti yake, Vumilia, alikuwa na mimba ya miezi mitatu. Ya kwanza aliipoteza njiani, juu ya bodaboda.

Mshukiwa wa kwanza alikuwa diwani, Jilala. Alihojiwa saa nne, akiwa anakunywa chai.

"Mama Vumilia, zahanati hiyo nimeiahidi kampeni mbili. Nikiiua, ya tatu nitaahidi nini?"

Utetezi huo haukuwa na heshima, lakini uliaminika. Diwani akaachiwa na chai yake.

Generosa akarudi kwenye orodha ya mahudhurio. Katikati alikuta jina la bibi Mageni, na chini yake Magesa, mume wa binti wa Mageni. Akamwita Magesa.

"Siku ya mkutano ulikaa wapi?"

"Kukaa? Mama mkwe alikuwa benchi la mbele! Kumkaribia ni mwiko, nilisimama kule kwenye ng'ombe. Karatasi nilisaini ya mwisho, watu wakitawanyika."

"Hapa umesaini mara tu baada yake."

"Toba! Hiyo si saini yangu. Futa kabla hajaiona!"

Generosa akasoma kuanzia juu: Anisia, Benedict, Bujiku, Elieth. Watu themanini walihudhuria kwa alfabeti, kama darasa linaloitwa majina. Orodha ya namna hiyo ilikuwa moja tu kijijini: daftari la wakazi, lililofungiwa kabatini kwa mtendaji wa kijiji, Stanslaus.

Saa sita kamili Generosa alimkabili ofisini, mhandisi Theonest akiwepo.

"Umemketisha mtu na mkwewe," Generosa alisema.

Stanslaus, mgeni wa miezi mitano, aliipitia orodha kwa kidole mpaka katikati.

"Ningekuwa wa huku ningewatenganisha," alisema. "Wakubwa walitaka ofisi ya kuonyesha kwenye ziara. Nyie mlipewa madaraka, mama. Mimi nilipewa maelekezo."

"Basi vifaa ni vya zahanati," Generosa akamgeukia mhandisi.

"Muhtasari wa kughushi unafuta mradi wote. Na mwaka wa fedha unaisha Jumapili; bila muhtasari mpya kabla ya hapo, vifaa vinarudi."

"Tuitishe mkutano sasa hivi! Watu wote wako nje."

"Tangazo la mkutano ni siku saba. Sheria inalinda sauti yenu."

Saa saba na dakika kumi lori liliondoka na saruji na mabati yote. Stanslaus alikaa mbele, karibu na dereva, akienda kupangiwa kijiji kingine.

Vumilia alikuwa amesimama kati ya zile kuta.

"Mama, wanasema umemkamata. Tumeshinda?"

"Tumeshinda," Generosa alisema. "Kafungashe nguo. Utakaa kwa mama mdogo Kahama mpaka ujifungue."