Ng'ombe wa Werema Aliyeng'aa

Kila alasiri, Mokami akishateka maji na kufungia ndama, alikaa nyuma ya nyumba na mdogo wake Werema wakafinyanga ng'ombe. Udongo waliuchimba kwenye kichuguu, wakauponda, wakaondoa mizizi na vijiwe, wakaukanda kwa maji kidogo kidogo mpaka ukaacha kunata vidoleni. Pembe zilikuwa miiba ya mgunga. Ng'ombe waliokamilika waliwekwa kivulini, maana juani hupasuka matumbo.

Hapo kijijini Machochwe watoto wengi walicheza hivyo. Ila Werema kila akimaliza ng'ombe alisema, "Huyu wa baba." Baba yao alikuwa machimboni Nyamongo, ng'ambo ya mto Mara. Siku zile wanaume wengi waliacha majembe wakakimbilia dhahabu. Alipoondoka alisema atarudi kwenye mavuno ya mtama. Mtama ulivunwa, ukaliwa, ukapandwa tena.

Siku moja Werema alirudi kutoka kijitoni na mchanga unaometameta kiganjani. Tangu asubuhi alikuwa amemlilia baba, macho yamevimba.

"Dada, hii si dhahabu?"

Mokami alijua ni ulanga tu, vijiwe ving'aavyo visivyo na thamani. Lakini alimtazama ule uso, akashindwa kumwambia. "Ni dhahabu," alisema.

Werema akacheka. Alifinyanga fahali mkubwa kuliko wote, akambandika mchanga ule mgongoni udongo ukiwa bado mbichi.

Siku fahali alipokauka, Mokami alitoka shule akakuta nyumba kimya. Werema hayupo, na fahali hayupo. Alikimbia shambani kwa mama, wakazunguka wakiita mpaka sauti zikakauka. Jua lilikuwa linashuka, na upande ule fisi hawangoji giza liingie.

Ndipo akatokea jirani yao, Mzee Mogesi, nyuma ya ng'ombe wake, amembeba Werema begani.

"Shikamoo, baba," Mokami alisema.

"Marahaba. Mchukueni tajiri wenu."

Akawaeleza. Alimkuta barabarani, katikati ya wachimbaji waliokuwa wakielekea kivukoni. Mtoto alikuwa akiwaomba wamvushe akamwambie baba yake aache kuchimba huko, kwa kuwa dhahabu ipo nyumbani. Wachimbaji walimtania, wakamuuliza kama ataajiri vibarua. Kisha mmoja akamkwaruza fahali kwa ukucha, akamwambia mtoto kwamba huo ni ulanga.

Werema hakuwa akilia. Alimtazama Mokami tu. "Wewe ulisema."

Jioni ile Mokami alimweleza mama yote bila kuficha. Mama hakumchapa. Alimwambia akamweleze Werema mwenyewe.

Kesho yake Werema alikataa kugusa udongo. Mokami alikaa karibu naye.

"Nilikudanganya ili usilie. Baba sijui atarudi lini. Hata mimi namngoja."

"Na wewe unamtaka?"

"Namtaka sana. Nikisikia mbwa wanabweka natoka kuangalia."

Werema alifumba macho, akayafumbua. "Mimi sura yake siioni tena," alisema polepole. "Nikifumba macho haji."

Mama alikuwa akipepeta mtama pale karibu. Aliweka ungo chini, akaja akaketi, akamega donge la udongo.

"Baba yenu paji lake pana, hivi," alisema, akilibonyeza kwa kidole gumba. "Masikio yametokeza. Shika ya kwako, Werema. Ndiyo hayo hayo."

Werema alishika masikio yake, kisha akayashika ya udongo. Akaomba na yeye atengeneze pua.

Mama alimgeukia Mokami. "Ulimhurumia, hilo naliona. Lakini mtoto ukimwambia hujui, analia, halafu anakuja kukaa na wewe mngoje pamoja. Ukimdanganya, anaondoka kwenda kungoja peke yake barabarani. Usimwache tena peke yake, mwanangu."