Kitambaa Kisikauke

Kila asubuhi Zéphyrin, mfinyanzi wa sura za watu, hulowesha vitambaa vinavyofunika vichwa vyake vya udongo, visije vikapasuka. Jumatatu moja ya mwaka wa sabini na sita, enzi za utawala wa kijeshi, kimoja alikikuta kina joto, kama kimetoka kwenye paji la mgonjwa.

Kilifunika sura ya Oduor, fundi wa reli, ambaye wanajeshi wanne walimtia kwenye buti la gari mchana kweupe pale Nakawa. Hakuonekana tena. Kwao Wajaluo, maiti isipopatikana, huzikwa tunda refu la mti wa yago badala yake. Phelister, mkewe, alitaka na sura ya mumewe ilazwe juu ya tunda hilo. Alikuwa ameleta picha ya kitambulisho na onyo moja tu.

"Macho uyafumbe, fundi. Maiti haachwi macho wazi."

Lakini Zéphyrin, Mkongo wa Namuwongo, alikuwa na kiburi cha kazi. Aliamini hakuna nyuso mbili zilizofanana duniani, na kwamba mtu ni macho yake. Akamfinyanga Oduor kwa udongo wa kinamasi cha pale pale, akayaacha wazi.

Adhuhuri ya Jumatatu hiyo akaingia Luteni Abudu wa kambi ya jeshi ya Mbuya.

"Fundi, tengeneza sura yangu, kubwa. Na huyu iko nani?"

Akafunua kitambaa kwa fimbo. Fimbo ikamponyoka.

"Huyu... huyu mimi nilimaliza," akanong'ona.

Harufu ya kinamasi ikajaa chumbani, na ndani ya ule udongo ukasikika mkwaruzo wa kucha kwenye bati, kama za mtu aliyefungiwa ndani ya buti, ukazidi na kuzidi, na vichwa vyote vya rafuni vikageuka kimoja kimoja kumtazama Luteni, naye akarudi kinyumenyume akijishika koo, akitema tope jeusi, akakimbilia gari lake. Dereva wake alimfikisha Mbuya amekufa, kinywa kimejaa udongo.

Kesho yake Phelister alikuja na tunda lake kikapuni. Zéphyrin alimkimbilia mlangoni.

"Mama, nisamehe. Niliacha macho wazi, na jana yamemuua mmoja wa waliomchukua. Acha niyafumbe kwa gumba sasa hivi, baba apumzike."

Phelister alilishika sikio la mumewe, akalia. Alitaka sana apumzike. Lakini chuki ilikuwa imeyashinda mapenzi, wala hakuona haya.

"Walikuwa wanne," akasema. Akalisukuma tunda chini ya meza. "Lowesha kitambaa, fundi. Kisikauke."

Zéphyrin akakichovya majini, akamfunika Oduor. Pale mdomoni kitambaa kikabonyea ndani, kikainuka.

Nje gari lilisimama. Wakashuka wanajeshi watatu, wamekuja kuuliza mwenzao alikula nini huku.

"Mama, tukimbie!"

"Wacha waingie," Phelister akasema, akakifunua kitambaa mwenyewe.