Jina la Kulilia

Cédrick, mwongozaji wa filamu, ndiye aliyeisikia ile sauti kwanza, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na ekuteri za kusikilizia masikioni. Walikuwa wamemaliza kupiga sehemu ya kilio na alikuwa akirudisha sauti nyuma aone kama imeshika vizuri. Wanawake wanalia, mmoja anaita jina, wengine wanaitikia. Halafu katikati ya kilio mwanamume anakohoa kidogo na kusema, "Niko hapa."

Cédrick akageuka kutazama sebule. Mwanamume humo ndani alikuwa yeye peke yake, na yeye hakukohoa.

Filamu yenyewe ilikuwa ya kimaskini kabisa. Kamera waliazima kwa mpiga picha wa harusi, na nyumba haikukodiwa, kwani ilikuwa ya Yasmini, mwalimu wa shule ya msingi aliyeandika hadithi: dada anarithi nyumba, kumbe nyumba ina wenyewe. Sehemu za usiku walizipiga saa saba mchana, madirisha yamezibwa kwa turubai nyeusi, maana usiku wa Murara, mtaa ule, una mambo yake na hakuna aliyetaka kukutwa nje.

Na kweli Yasmini alikuwa ameirithi nyumba ile, ya mbao juu ya msingi wa mawe ya volkano, miezi mitano tu nyuma, alipofariki mama yake Asha, muuza vitenge, ambaye wote walimwita Mama Asha. Mama Asha alizaa wawili, Yasmini na mdogo wake Mahamudi, dereva wa lori. Mahamudi alipanda vilima vya Masisi kuchukua maharage wakati vita vinachacha, na tangu hapo hakuonekana, si yeye si lori. Watu wakaja na mikeka wakitaka kukaa matanga. Mama Asha akawafukuza. "Siwezi kumuzika mutoto wangu bila kuona hata kiatu chake," alisema. Miaka miwili alimwekea sahani kila jioni, na alikufa hajamwacha mtu yeyote amlilie mwanawe. Yasmini alikimeza kilio chake, akaendelea kufundisha watoto kusoma.

Sasa ile siku ya filamu, waliitwa wanawake wa jirani waje kulia. Wengi walikuwa watu wa vilima vya Masisi, waliokimbilia mjini, wakipanga vyumba hapo karibu. Aliyewaongoza ni Marcelline, aliyehamia kiwanja cha jirani baada ya Mama Asha kufa.

"Tulilie nani?" akauliza Marcelline.

"Hadithi inasema Jeancy," Cédrick akajibu.

Wakaguna wote. Marcelline alikuwa na mtoto aitwaye Jeancy, mzima kabisa, yuko shuleni. Nani analia jina la mtu mzima? Si kumwita mauti huko? Cédrick akataja Cyprien. Mmoja akasema huyo ni mume wangu. Akataja Bénita; wawili wakainuka kutaka kwenda zao. Kila jina lilikuwa na mtu wake anayepumua. Jua lilikuwa linahama na kamera ilitakiwa kurudishwa jioni.

Ndipo Yasmini, aliyekuwa amekaa pembeni, akasema, "Mulilie Mahamudi. Kwenu hakuna Mahamudi."

Kwao hakukuwa na Mahamudi. Wakamlilia. Na mimi siwezi kumlaumu Yasmini, kwa sababu alipolisikia lile jina likililiwa kwa sauti kumi kwa pamoja, alianguka katikati yao akalia kilio cha miaka miwili, na Cédrick akafurahi akidhani ni maigizo.

Baada ya kilio hicho ndipo Cédrick aliposikia ile sauti, lakini kesho yake waliendelea chumbani. Patricia, mwigizaji wao, alitakiwa kuamka kitandani na kusikia mlango ukigongwa. Turubai zikatundikwa, giza likakaa. Kukaja harufu ya mazutu, mafuta ya lori, nzito, pamoja na jasho la mtu aliyetoka safari. Patricia akauliza nani amemwaga mafuta. Kisha, nyuma ya ukuta wa mbao, upande ambao hakuna chumba, sauti ikasema taratibu, "Yaya," kama mtu anavyomwita dada yake mkubwa.

Patricia alitoka mbio bila viatu, na hakurudi kuvichukua.

"Yaya Yasmini, tuondoke," Cédrick alinong'ona, amemshika mkono. "Hii si ya filamu."

"Ni sauti yake," Yasmini akasema. "Ni Mahamudi, Cédrick. Nyamaza nisikie."

Filamu ikafa hapo. Lakini Yasmini alizuia turubai zisirudishwe. Kila akitoka shuleni alifunga mlango, akaziba madirisha, akaketi chini karibu na ule ukuta, na harufu ya mazutu ilipoingia alianza kuzungumza: habari za mama, alivyoumwa, alivyouliza kama lori limefika, na ukuta ukajibu, "Niko hapa, yaya." Akiuliza uko hai, ukajibu niko hapa, akiuliza uko wapi nije nikuchukue, ukajibu niko hapa, njoo, naye akasogea akabandika shavu kwenye mbao, zikawa baridi kama jiwe la ziwani, na akasikia upande wa pili shavu lingine likibandikwa, na pumzi ikipita kwenye nyufa na kumwingia sikioni, pumzi isiyokuwa na joto hata kidogo, na bado hakuondoka, kwa sababu moyo wake ulikuwa umemwambia kwamba akiondoka atakuwa amempoteza mara ya pili.

Akaacha kula. Nywele zikaanza kubaki kwenye kitambaa. Shuleni akaanguka mbele ya watoto. Cédrick akaona mambo yameshamzidi, akaenda msikitini kumwita Shehe Rachidi, mzee wa asili ya Maniema aliyemjua Mama Asha tangu ujana.

Shehe aliketi kwenye kile chumba kwa muda mrefu, tasbihi mkononi. Alipotoka, paji lilikuwa limelowa.

"Mutoto wangu, ule si ndugu yako," alisema. "Mulililia jina la mutu mwenye hajazikwa. Jina likabaki wazi, mwenyewe hayuko. Jini akalivaa."

"Anajua kuniita, Shehe."

"Anajua vile hii nyumba ilisikia. Anakukula, na wewe unaona."

"Tufanye nini?"

"Tumusalie Mahamudi sala ya maiti asiyekuwepo. Tukae matanga ya kweli. Jina lizikwe, ule atakosa nguo ya kuvaa."

Yasmini akauliza lile lililokuwa likimtafuna. "Na kama yuko hai? Mama alikataa mpaka kufa. Mimi ndiye nimuzike?"

Shehe hakumdanganya. "Sijui kama yuko hai. Najua wewe, ukiendelea hivi, siku kumi hazitaisha uko hai."

Alikubali siku ya tatu, aliposhindwa kuinuka kitandani, na hata hapo alikubali huku akimwomba mama yake msamaha. Wanaume walisali uani. Mikeka ikatandikwa, chai ikapikwa, Marcelline na wenzake wakaja kulia tena, safari hii hakuna kamera. Shehe aliingia chumbani na kisomo chake. Sauti ikaanza kwa upole, yaya, yaya, halafu ikapanda, ikalia kama mtoto aliyefungiwa nje, mimi niko hai, yaya, kwa nini munanizika niko hai, mama alikataa na wewe umekubali, na mbao zikagonga ukuta mzima kutoka pembe hadi pembe, na harufu ya mazutu ikageuka uvundo wa mzoga, hadi waliokuwa uani wakaacha vikombe, na Yasmini akashikwa na wanawake wanne asiende. Kisha pakawa kimya.

"Ametoka," Shehe akasema. "Lakini siku tatu atarudi mulangoni. Ataita kutoka nje, sauti ile ile. Usifungue, usijibu hata neno moja. Ukijibu, haitakuwa tena kazi yangu."

Siku ya kwanza iliita kutwa. Ilikwaruza mlango, ikaomba, ikatukana. Yasmini na Cédrick walikaa sakafuni wamejiziba masikio.

Siku ya pili, alasiri, mlango ukagongwa mara tatu tu. "Yaya. Ni mimi." Kimya. "Yaya, muko? Mama yuko?" Sauti ilikuwa imekauka. Yasmini aling'ata kitenge chake hadi fizi zikatoka damu. Cédrick alimkumbatia kwa nguvu zake zote. Nje mtu akapumua, akasubiri, akasubiri sana. Halafu hatua zikaondoka juu ya changarawe.

Siku ya tatu haikuita kabisa. Siku ya nne Yasmini alifungua mlango, akaomba uji, akaunywa wote. Cédrick alilia kwa furaha. Marcelline akaja kuwasalimia, akaketi kizingitini.

"Juzi mulienda wapi?" akauliza. "Kulikuja mugeni hapa kwenu. Alipiga mulango, hamukujibu, basi akakuja kwangu kuomba mayi ya kunywa."

Yasmini akaweka bakuli chini. "Mugeni gani?"

"Sijui ni nani. Mwanaume, mukondefu sana, anachechemea. Mikono ilikuwa inatetemeka, nusu ya mayi ilimwangika. Akaona mikeka, akaniuliza matanga ya nani. Nikamwambia, ya mutoto wa hii nyumba, Mahamudi, walimusalia juzi. Akauliza, na mama yake? Nikamwambia, mama alitangulia, miezi mitano sasa."

"Akasema nini?" Yasmini akauliza.

"Alikaa chini kwanza. Akalia, lakini pole pole. Kisha akanirudishia kikombe, akasema aksanti, akasema, basi, kama wamenizika, nisiwasumbue." Ndipo Marcelline akayasikia mwenyewe maneno aliyoyabeba siku mbili. "Mungu wangu. Yasmini. Jini anatetemekaka? Jini anakunywaka mayi?"

Yasmini alitoka na kichwa wazi. Alifika kwenye maegesho ya malori, akafika sokoni Birere, akafika bandarini ambako mashua za kwenda Bukavu zilikuwa zimekwisha kuondoka mbili tangu asubuhi ile. Aliuliza kila mtu. Cédrick alipeleka tangazo redioni, na tena, na tena. Wapo waliosema wamemwona mtu anayechechemea. Mji huu una wengi wanaochechemea.

Siku hizi mlango wa nyumba ile haufungwi. Alasiri, akitoka shuleni, Yasmini huketi chini karibu na ukuta wa chumbani na kuita, "Mahamudi." Anaita kwa sauti ya chini, kisha kwa sauti ya juu, na ameshafika mahali ambapo hajali tena ni nani atakayeitika. Lakini Shehe Rachidi alikuwa amefanya kazi yake vizuri. Hakuna anayeitika.